Mti wa Chini Ndio Uleao Mti wa Juu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tulia



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya miche ya matunda, kwa kuwa mkutano huu ndio utakaoamua kama fedha za mwaka ujao zinunue miche iliyopandikizwa, au zianzishe kitalu chetu wenyewe. Mche uliochaguliwa vibaya hauonyeshi ubaya wake siku ya kununuliwa. Mwenye shamba huujua baada ya miaka, fedha zikiwa zimekwisha kupotea.

Mche uliopandikizwa ni miti miwili iliyofanywa kuwa mmoja. Mti wa juu huleta jina na utamu wa tunda; mti wa chini huleta mizizi. Sisi huuliza jina la mti wa juu tu: Apple, Ngowe, Kent au Tommy Atkins. Ni wachache waulizao umesimama juu ya mizizi gani. Lakini ni mizizi hiyo iamuayo kwa sehemu kubwa kama mche utakua upesi au utadumaa, utazaa mapema au utakawia, na kama utastahimili kiangazi.

Jambo hili limechunguzwa sana kwa matufaha. Katika jimbo la Kent, Uingereza, kituo cha East Malling kilianzishwa mwaka 1913. Ronald Hatton na wenzake waligundua kwamba mashina yaliyouzwa kwa jina moja yalikuwa ya aina mbalimbali. Wakayatenga, wakayapa herufi M na namba. Tufaha lile lile likipandikizwa juu ya shina la M9 huwa mti mfupi uzaao mapema, lakini mizizi yake ni dhaifu, hata huhitaji nguzo maisha yake yote. Juu ya shina lenye nguvu huwa mti mkubwa ujisimamiao, ila kwa kawaida hukawia kuzaa.

Basi kila shina lina faida na gharama yake. Palipo na maji ya kutosha, mti mfupi ni mali. Kwetu Ukambani, ambako mvua hukatika kabla ya wakati, mizizi ishukayo mbali ndiyo akiba.

Tuangalie machungwa. Mlimau wenye tunda la ganda la vinundu hufanya shina zuri kwa nchi kavu: hukua upesi, mizizi yake hushuka chini sana, na mchungwa ulio juu yake huzaa mapema. Gharama yake ni kwamba chungwa hupungua utamu kidogo, na shina huoza upesi penye maji yaliyotuama. Mdanzi hustahimili uozo huo vizuri zaidi. Lakini ugonjwa wa tristeza, uenezwao na vidukari, uliua mamilioni ya michungwa iliyosimama juu ya midanzi huko Brazili na Ajentina katika miaka ya 1930 na 1940.

Kwa maembe, shina huoteshwa kwa kokwa za maembe ya kienyeji, ambayo miti yake imekwisha kuizoea nchi. Kokwa lazima ipandwe mbichi, kwani haikai. Mara nyingi kokwa moja hutoa miche kadhaa. Uachwe ule wenye nguvu, na ufikiapo unene wa penseli upandikizwe.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, asinunue mtu mche kwa kutazama urefu wake. Mche mrefu katika mfuko mdogo huenda mzizi wake mkuu umejikunja, nao utakuja kudumaa shambani. Pili, muuzaji asiyeweza kutaja mti wa chini asipewe fedha za chama. Tatu, kitalu kianzishwe kwa kokwa zitokazo katika miembe ya wazee wetu iliyoshinda viangazi vingi, na miche ipandwe shambani mvua za Novemba zikianza, tena pale ilipounganishwa pabaki juu ya udongo.

Wazee ndio wajuao miembe hiyo ilipo. Bila ujuzi wao kitalu hakitakuwa na msingi. Tunaliweka neno hili mbele ya mkutano.