Ini Linapobeba Lawama ya Figo

Mtu akiamka asubuhi akakuta weupe wa macho yake umegeuka manjano, na mkojo umekolea kama chai ya rangi, nyumba nzima hugeuka kuwa madaktari. Jirani husema ni nyongo, shangazi husema ni homa ya ini, na mwingine amekwisha anza kutwanga mizizi. Wote wanalitazama ini. Na mara nyingi huwa hawajakosea sana, kwani umanjano huletwa hasa na maradhi ya ini, mawe katika nyongo, au chembe za damu kuvunjika kwa wingi kama katika malaria kali na selimundu.

Lakini je, vipimo vikionyesha hakuna virusi vya homa ya ini, mirija ya nyongo haijaziba, damu haivunjiki, na macho bado ni ya manjano?

Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Maurice Stauffer wa Mayo Clinic, alieleza jambo la ajabu. Wako wagonjwa wenye saratani ya figo ambao ini lao hufanya kazi vibaya, ilhali saratani yenyewe haijafika huko. Figo yenye uvimbe ikiondolewa, ini huweza kurudia hali yake. Wataalamu wanaamini kwamba uvimbe humwaga katika damu kemikali zinazolisumbua ini kutoka mbali. Kwa kawaida usumbufu huo huonekana katika vipimo vya damu tu. Ni wagonjwa wachache sana ambao macho yao hugeuka manjano na mwili kuwasha. Lakini kwa baadhi ya hao wachache, manjano hutangulia dalili tulizozizoea za figo: damu katika mkojo, maumivu ya ubavuni, au uvimbe unaoshikika kwa mkono.

Moshi unatokea nyumba hii, kumbe moto unawaka nyumba ya pili.

Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni kuchoka mapema. Mgonjwa anaambiwa ini lake halina virusi, anashukuru Mungu, anarudi nyumbani na manjano yake, na uvimbe unaendelea kukua kimya kimya. Ya pili ni kukata tamaa mapema. Uvimbe ukionekana kwenye figo na macho ni ya manjano, ni rahisi kudhani saratani imekwisha sambaa hadi kwenye ini, na upasuaji hauna maana tena. Huenda sivyo. Picha, na ikibidi kinyama kilichochukuliwa kwenye ini, ndivyo vitoe hukumu, wala si rangi ya macho. Mtu huweza kuishi vizuri kwa figo moja.

Sisemi haya ili kila mwenye macho ya manjano alale akiota saratani. Hali hii ni nadra. Ninachosema ni kwamba manjano yasiyopata maelezo hayajamalizika. Ultrasaundi ya tumbo haina kisu wala sindano, na kwa mlalo mmoja inaweza kutazama ini na figo zote mbili. Basi muulize daktari wako kwa heshima: "Je, na figo zimeangaliwa?" Na aliyekwisha pasuliwa asiache kurudi kliniki, kwani vipimo vya ini vikiharibika tena, huenda ni ishara kwamba saratani imerudi.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.