Kuvua kwa Ndoana Kandokando ya Ziwa

Mazungumzo yetu ya jioni hii ni juu ya kuvua kwa ndoana katika maji baridi, na hasa katika Ziwa Victoria, pande za Mwanza na Musoma. Hatusemi habari za wavuvi wakuu wenye mitumbwi na jarife, ambao kwao uvuvi ndiyo biashara. Twasema habari za mtu mmoja mwenye ufito, mshipi na kopo la nyungunyungu, aketiye juu ya jiwe baada ya kazi ya siku: karani, fundi cherahani, mkulima aliyemaliza palizi, mwanafunzi, na sisi waalimu pia. Watu wa namna hii wakikutana ufukoni, maneno huwa mengi kuliko samaki. Kila mmoja ana maarifa yake, na kila mmoja huyaona ya mwenziwe kuwa upuzi.

Ubishi wa kwanza ni juu ya chambo. Wako wasemao kwamba sato hushikwa kwa donge la ugali tu, na wako waapao kwamba bila nyungunyungu mtu hupoteza jioni yake bure. Sisi tumejaribu vyote viwili, na shauri letu ni kwamba usikitazame chambo kabla hujaitazama ndoana. Sato kwa desturi hula vijimea vidogo mno vielealeavyo majini, pamoja na wadudu na takataka za chini. Hana kinywa cha kumeza kwa pupa kama sangara. Huonja kwa ncha ya mdomo, akaachia, akarudia tena. Basi ndoana ikiwa kubwa, chambo chochote kitadonolewa kandokando, nawe utavuta chuma kitupu. Chukua ndoana ndogo, mshipi mwembamba na chubwi hafifu, na boya lako liwe kipande cha bua kikavu, chepesi kiasi cha kuzama kwa mguso mdogo. Tupa kwanza konzi moja ya pumba, kisha ungoje. Mahali penye furu wengi wadogo, ambao huila nyungunyungu hata ikaisha kabla sato hajafika, ugali uliokandwa mgumu ni afadhali. Mahali pengine nyungunyungu haina mfano. Hivyo wabishi wote wawili wana haki, kila mmoja juu ya jiwe lake.

Kuhusu wakati, wote wakubali kwamba asubuhi na mapema na jua linapopunga ndizo saa njema. Kuhusu upepo hawakubaliani. Katika ziwa letu, usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukavuma kutoka majini kuja nchi kavu. Wengi hutafuta ghuba iliyokingwa ili boya litulie. Sisi twapenda upande unaopigwa na mawimbi madogo, kwa kuwa mawimbi huchimbua chakula na kukisukuma karibu na ukingo, na samaki hukifuata. Tena maji yaliyochafuka kidogo humficha mvuvi. Ama habari za mwezi, wavua dagaa hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwani taa zao hazina nguvu tena ya kuwavuta dagaa. Kwa ajili hiyo wenye ndoana wengine nao hukaa nyumbani. Hoja hiyo haifuati hata kidogo. Mumi hatafuti taa. Yeye hutembea usiku chini kabisa, akipapasa kwa sharubu zake na kufuata harufu, na matumbo ya samaki juu ya ndoana kubwa iliyolala matopeni humleta, uwepo mwezi au usiwepo. Lakini mshike kwa hadhari, maana kila pezi la ubavuni lina mwiba mgumu. Na gogogo ni mbaya zaidi, kwani miiba yake hujifunga ikasimama imara. Tena mumi huweza kuvuta hewa akiwa nje ya maji, akakaa hai kapuni muda mrefu. Wako waonao jambo hilo kuwa mchezo. Mpige kichwani mara moja, yaishe.

Hapa tutoke kidogo katika habari za samaki tuseme neno juu ya afya, maana tumesikia mara nyingi ufukoni kwamba kichocho ni ugonjwa wa madimbwi na mashamba ya mpunga, na kwamba maji ya ziwa kubwa ni safi. Si kweli. Konokono wachukuao vijidudu vya kichocho huishi hata katika kingo za Ziwa Victoria, na ugonjwa huo umeenea sana katika vijiji vya ufukoni na visiwani. Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi saa za jua kali, navyo hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi kitu. Basi mwenye kusimama majini hadi magotini adhuhuri nzima, akingoja sato mmoja, amejitolea yeye mwenyewe kuwa chambo. Kaa juu ya jiwe. Na jiwe lenyewe lisiwe karibu na njia ya kiboko. Njia hiyo utaitambua kwa mfereji uliokanyagwa kutoka majini kwenda majanini, naye huipita machweo na alfajiri, saa zile zile uzipendazo wewe.

Sasa tufike katika jambo ambalo ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo. Yafaa nini kumfanya samaki mdogo, au samaki mwenye mayai, akikamatwa kwa ndoana?

Wengi hawajui jinsi sato azaavyo. Dume huchimba shimo la mviringo mchangani, mfano wa beseni, mahali penye maji haba. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai kwa kinywa chake na kwenda nayo mbali. Huyalea kinywani hata yaanguliwe, na watoto huendelea kukaa humo mpaka waweze kujitegemea. Shughuli yote huchukua kadiri ya majuma mawili, na siku hizo mama hula kidogo sana au hali kabisa. Hata baada ya kuwatoa, likitokea jambo la hatari huwapokea tena kinywani. Sangara hutaga mamilioni ya mayai akayaacha yaelee. Jike la sato huwa na mia kadha tu, au zaidi ya elfu akiwa mkubwa, na tumaini lao lote ni kinywa cha mama. Kwa hiyo ukivuta mshipi ukaona punje za manjano, mfano wa mtama, zikidondoka mdomoni mwa samaki, jua kwamba hukuvua samaki mmoja.

Ama dume alindaye shimo lake, huyo ni rahisi mno kumpata. Huuma chochote kiingiacho shimoni, si kwa njaa, ila kwa ukali. Tunawajua watu wajisifuo kwa kuvua kumi namna hiyo katika saa moja. Sisi hatuoni ufundi wake. Ni sawa na kumkamata mtu mlangoni mwake mwenyewe.

Tulipoyasema haya ufukoni, mzee mmoja alitujibu, "Waalimu, samaki uliyemrudisha ni chakula ulichokitupa." Na kijana aliyekuwa kando yake akaongeza, "Kokoro moja hukomba samaki maelfu kwa mvuto mmoja. Mimi na ndoana yangu nitalimaliza ziwa?" Maneno hayo si ya kipumbavu, nayo yastahili jibu.

Kwa mzee twasema hivi. Mtu mwenye mshahara hana haki ya kumhubiria mtu ambaye samaki huyo ndiye kitoweo cha watoto wake usiku ule. Hatumwambii aende nyumbani mikono mitupu. Twasema tu kwamba sato mkubwa asiye na mayai atoshe, na kwamba samaki wa urefu wa kiganja, akiisha kukaangwa, ni miiba na chumvi.

Kijana naye, kwa hesabu, asema kweli. Kokoro ni adui mkubwa kuliko sisi, na sheria imelikataza. Lakini mwenye wavu hawaoni samaki wake mpaka wamekwisha kufa au kupondeka. Mwenye ndoana humwona kila mmoja akiwa hai, mmoja mmoja, mkononi mwake. Tena sisi wa ufukoni ndio tukaao hasa pale penye mashimo ya kuzalia.

Na yaliyompata ningu yanatufundisha jinsi samaki wa ziwa hili awezavyo kutoweka mbele ya macho ya watu. Ningu huishi ziwani, lakini mvua zinapofurisha mito hupanda Nzoia, Sondu, Mara na Kagera kwenda kutaga. Wazee wa kandokando ya mito hiyo walimpata kwa wingi, wakamkausha na kumweka akiba. Nyavu za kitani zililetwa katika Ghuba ya Winam mwaka 1905. Bwana Michael Graham alilichunguza ziwa zima mwaka 1927 na 1928, na taarifa yake, iliyopigwa chapa mwaka 1929, iliwaonya watu kwamba ngege wanapungua, ikashauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Baadaye nyavu zilizidi kutandazwa hata katika milango ya mito, na ningu alinaswa akiwa bado anapanda, mayai yake tumboni. Kufika miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeanguka. Hakufa wote, wangali wako wachache mitoni. Lakini vijana wengi tunaowafundisha hawajamwona sahanini.

Ngege wa asili naye amekuwa haba ziwani, akabaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli. Huyu sato tumvuaye leo aliletwa kutoka maji mengine, kama sangara, katika miaka ya 1950. Wako wavuvi wanaosema kwamba kwa kuwa yeye ni mgeni, hana haki ya kutunzwa. Sisi twauliza, akiisha huyu mgeni, mwenyeji yuko wapi wa kushika nafasi yake?

Turudi katika mambo ya mikono. Wengi husema kwamba samaki aliyerudishwa hufa hata hivyo, nao wamesadiki hivyo kwa sababu namna yao ya kumrudisha humwua kweli. Humburuta mchangani, humkamata kwa mikono mikavu, huing'oa ndoana kwa nguvu, kisha humtupa kama jiwe. Mwili wa samaki umefunikwa na ute umkingao na magonjwa. Mkono mkavu na mchanga huuondoa. Lowesha mikono kwanza. Mwache majini kadiri iwezekanavyo unapotoa ndoana. Ikiwa ameimeza mpaka kooni, usichimbe. Kata mshipi karibu na mdomo, kwani ndoana yako haina thamani ya kiasi hicho. Nasi huuminya kwa koleo ule mwiba mdogo unaoelekea nyuma karibu na ncha ya ndoana, hata ukalala. Marafiki walituambia tutapoteza samaki wengi. Tumepoteza wachache, maana mshipi usipolegezwa samaki hachomoki. Na ndoana hutoka kwa kidole kimoja, iwe katika mdomo wa samaki au katika gumba la mvuvi.

Liko jambo moja lituumizalo kuliko hayo yote. Watoto wa shule huonekana siku za mapumziko wakivuta chandarua katika maji haba, wawili huku na wawili huku. Chandarua hakibagui. Kinachotoka humo ni vitoto vya sato vilivyotemwa na mama zao juzi tu, vidogo kama kucha, na jungu zima halimshibishi mtu. Tena chandarua hicho kilitolewa ili mtoto alale asiumwe na mbu wa malaria. Twaona kwamba kuwapiga watoto hakusaidii. Wanataka kuvua, na kutaka huko ni kwema. Mpe mtoto ufito, mshipi wa mita chache na ndoana mbili, mwonyeshe nyungunyungu zichimbwapo penye mgomba, na ukae naye jioni moja. Chandarua kirudi kitandani.

Kanuni za uvuvi za Tanzania zimekataza kuvua sato aliye chini ya sentimita 25, na sangara aliye chini ya sentimita 50. Mara nyingi watu hutuambia kwamba hawana cha kupimia ufukoni. Kipimo kimo mkononi mwao. Twaa ufito wako na rula ya mtoto wa shule. Pima kutoka mwisho wa kishikio, kata alama moja kwa kisu penye sentimita 25, na ya pili penye 50. Zipake masizi ya sufuria ili zionekane jioni. Mlaze samaki kando ya ufito, pua yake ikiwa sawa na mwisho wa kishikio, utazame mkia wake unafika wapi.