Ngurumo ya Kwanza Ndiyo Kengele: Kuwakinga Wanafunzi na Radi

Mada kwa walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule za msingi

Utangulizi



Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Wanafunzi 18 na mwalimu mmoja walifariki. Hawakuwa uwanjani wala chini ya mti, walikuwa darasani. Nimeanza na msiba huo kwa sababu wingu linapotanda, sote huwaambia watoto, "Ingieni darasani!" Hoja yangu ni kwamba agizo hilo peke yake halitoshi.

Umeme wa kitana, umeme wa wingu

Sugua kitana cha plastiki kwenye nywele kavu, kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kunasa. Msuguano umehamisha chaji, nazo zimetulia kwenye kitana. Ndiyo maana tunauita umeme tuli.

Wingu la radi nalo hujichaji. Ndani yake chembe nyepesi za barafu hupanda na upepo, zikigongana na punje nzito zaidi. Chaji hasi hurundikana upande wa chini, na ardhi iliyo chini ya wingu hupata chaji chanya. Hewa huzuia kwa muda, kisha hushindwa. Mkondo wa maelfu ya ampea hupita na kuipasha hewa hadi nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, takriban mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hutanuka ghafla, nasi tunasikia ngurumo.

Basi, kinyume na imani za wengi, radi haichagui shati jekundu, wala haitumwi na jirani.

Darasa lipi ni kinga?

Radi hutafuta njia ya kufika ardhini. Jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji huipa njia hiyo ukutani. Darasa la bati lisilo na kitu cha namna hiyo haliipi njia. Umeme unaweza kuruka kutoka paani hadi kwa mtoto, au kusambaa sakafuni.

Kinga kamili ina sehemu tatu zilizoungana: vyuma vya kupokea radi juu ya paa, waya mnene wa kuishusha, na nondo za kuizika ardhini. Ikikosekana moja, hakuna kinga. Shule ya Runyanya ilifungiwa kinga baada ya msiba ule. Sisi tusingoje msiba.

Ngurumo inaposikika

Sauti husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Lakini tusipoteze muda kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: anayesikia ngurumo tayari yuko mahali radi inapoweza kufika, hata kama mvua haijaanza. Watoto waondoke uwanjani, mtoni, chini ya mwembe na kwenye mlingoti wa bendera. Gari lenye bodi na paa la chuma, vioo vikiwa vimefungwa, ni kimbilio. Bajaji na pikipiki si kimbilio. Ndani ya jengo salama, wasiguse mabomba wala simu iliyo kwenye chaji, na wasiegemee kuta. Watoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi

Mguseni. Mwili wake haubaki na umeme. Kati ya wanaokufa, wengi hufa kwa sababu moyo umesimama huku watu wakiwatazama kwa hofu. Kama hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akiita msaada. Msimfukie udongoni.

Mapendekezo

1. Kila shule ichague jengo lake salama kabla ya msimu wa mvua, na kila mtoto alijue.
2. Kamati ziweke kinga ya radi katika bajeti ya ujenzi, pamoja na bati na saruji.
3. Mwalimu wa zamu apewe mamlaka ya kusimamisha michezo ngurumo ya kwanza inaposikika, bila kungoja ruhusa ya mtu.

Pendekezo la tatu halina gharama. Naomba tulianze Jumatatu.