Anayesoma na Anayetuma ni Mtu Mmoja

Hotuba ya kamati ya fedha kwenye chakula cha jioni cha harambee, Houston, Texas

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, wageni waalikwa, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili muwahi shifti ya saa tano usiku,

Tumepewa dakika kumi na tano kueleza pendekezo la kamati juu ya fedha za mwaka huu. Lengo letu ni dola 40,000. Kati ya hizo, 30,000 ni za bweni la wasichana kule nyumbani Usangi, na hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye 10,000 zinazobaki, ambazo kamati inaomba zifungue mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wetu walioko hapa Marekani wamalize chuo. Simu tumezipokea. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia, "Fedha ya nyumbani mnataka iliwe na watu wa Marekani." Ni hoja nzito na hatutaki kuikwepa. Tutaijibu kwa kufungua daftari, maana ndiyo kazi tuliyosomea, na daftari lenyewe ni la kwetu.

Sisi tuliofika hapa mwaka 2001 tulikuwa wanne katika nyumba ya vyumba viwili. Wawili walikuja kwa bahati nasibu ya Green Card, wawili kwa viza ya mwanafunzi. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani tukiwa uwanja wa ndege. Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ada anayotozwa ni ya mgeni. Mwenye Green Card yuko huru kubeba boksi kadiri mgongo wake unavyokubali. Basi simu zote za nyumbani zikahamia kwa wale wawili. Hakuna kikao kilichoamua hivyo.

Katika koo zetu hakuna aliyekuwa amewahi kukanyaga chuo kikuu. Wazazi walikuwa wakulima wa kahawa, na mnakumbuka miaka ile bei ya kahawa duniani ilianguka hadi watu wakaanza kung'oa mibuni. Kwa hiyo mtoto aliyeko Marekani akawa ndiye zao la biashara. Tunasema hivyo bila kinyongo. Wao wangefanya nini?

Simu za wakati ule wengi mnazikumbuka. Nyumbani walikuwa wanabipu, mlio mmoja halafu kimya, nawe unatafuta kadi ya kukwangua upige. Bipu ya jioni ilikuwa salamu. Bipu ya saa nane usiku ilitutisha, maana kule ni saa tano asubuhi, watu wameshatoka hospitali na majibu mkononi. Fedha ilipokelewa benki Moshi. Mama anashuka kwa basi hadi Mwanga, anaunganisha Moshi, anapanga foleni, anarudi usiku. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na baadaye ikawezekana kutuma kutoka huku hadi kwenye simu ya mama moja kwa moja, safari hiyo iliisha. Kilikwisha pia kisingizio chetu cha kusema kwamba benki imefungwa.

Sasa daftari. Mwaka 2003 mmoja wetu alikuwa akilea wazee usiku kwa dola 8 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Baada ya makato ni kama dola 1,200 kwa mwezi. Kodi ya nyumba, fungu lake, 190. Chakula 120. Gari kuukuu na bima yake 230, kwa sababu Houston bila gari hufiki kazini. Simu na kadi 60. Nyumbani 200. Zinabaki 400 za ada na vitabu, kama mwezi ule hauna msiba wala mgonjwa. Alikuja kuhesabu baadaye: mwaka ule miezi ya namna hiyo ilikuwa mitano.

Januari 2004 ada yake ya muhula, dola 1,150, ilikuwa tayari. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Jumatano usiku ikaja bipu. Baba yuko hospitali Moshi, anatakiwa kufanyiwa upasuaji, na ndugu wamechangishana hadi wamefika mwisho. Alhamisi asubuhi, ametoka shifti na hajalala, akatuma dola 1,150 zote. Jumatatu chuo kikafuta jina lake kwenye masomo yote manne kwa kutolipa. Ndiyo taratibu na hatukilaumu chuo. Mzee alipona, akaishi miaka minne zaidi, na hakujua kamwe fedha ile ilikuwa ya nini. Kila aliyemtembelea alimwambia kwamba kijana wake amehitimu Marekani.

Hapo ndipo penye kidonda, na kwa kuwa leo tuko wenyewe kwa wenyewe tukiseme. Tulidanganya. Si kwa maneno sana, ila kwa kunyamaza. Mwenzetu huyo alipokwenda likizo mwaka 2006 alikaribishwa meza kuu kwenye harusi na kuitwa msomi, na bado alikuwa hajamaliza mwaka wa pili. Mwaka 2008, kwenye msiba wa baba yake, wasifu wa marehemu ulisomwa mbele ya waombolezaji: ameacha mtoto mhasibu, Marekani. Mhasibu mwenyewe hakuweza kusafiri. Saa ile alikuwa anabadilisha mashuka ya mzee mwingine, asiye baba yake. Angekuwa amesema ukweli mwaka 2004, pengine wazee wangemwambia, "Mwanangu, simama kwanza, maliza." Hatujui, kwa sababu hatukuwapa nafasi ya kusema hivyo.

Alihitimu mwaka 2010. Shahada ya miaka minne ilimchukua miaka tisa. Alianza kazi kwa dola 41,000 kwa mwaka, wakati kulea wazee kulimpa 16,640 kabla ya makato. Tofauti ni 24,360 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka mitano ya kuchelewa, unapata dola 121,800. Na katika miaka hiyo mitano alituma nyumbani, pamoja na misiba na hospitali, kama dola 21,000. Hesabu hii ni ya kukadiria, mkaguzi mkali angeichana, lakini hata akiipunguza nusu bado inauma.

Msituelewe vibaya. Zile 21,000 zilisomesha wadogo zake wawili hadi kidato cha sita, mmoja leo ni muuguzi. Zilimpa baba miaka minne. Kwenye daftari hatuna safu ya kuandika hayo, na hatujuti hata senti. Tunachosema ni kwamba mzigo wote uliwekwa kwenye kichwa kimoja, na kichwa hicho ndicho kilichokuwa kinatakiwa kusoma.

Vijana wetu wa leo wako hapo hapo, na nchi hii humwadhibu anayesimama katikati. Ukiwa na mkopo wa serikali kuu ya Marekani, ukiacha chuo au ukishuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, unapewa miezi sita, kisha marejesho yanaanza. Kwa hiyo kijana aliyesimama muhula mmoja kulipia msiba, akaongeza wa pili kujikusanya, anaanza kudaiwa kabla hajarudi darasani. Akijiandikisha masomo mengi na kuyaacha njiani, anaweza kupoteza haki ya msaada kabisa. Na anayedaiwa na chuo chenyewe mara nyingi hawezi kujiandikisha tena hadi alipe. Kamati inawajua vijana watatu waliokwama hivyo, wote wamebakiza mihula miwili au pungufu. Majina hatutayataja, na tafadhali msiyatafute mezani.

Hapa tuongeze neno kwa wenye Green Card. Mna haki ya kujaza fomu ya FAFSA. Haina malipo, hujazwa kila mwaka, na kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 msaada wa Pell, ambao kwa kawaida haurejeshwi, ulifikia hadi dola 7,395 kwa mwenye kipato kidogo. Wawili kati yetu walilipa ada taslimu miaka mitatu wakiwa na haki hiyo, kwa sababu hakuna aliyewaambia, nasi tulidhani fomu yoyote ya serikali ina mtego. Mkikwama kuijaza, tupo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Njooni na fomu ya kodi. Wenye viza ya mwanafunzi hawana njia hiyo, na ndiyo sababu mmoja wa wale watatu hana pa kugeukia isipokuwa kwetu.

Pendekezo lenyewe ni hili. Mfuko utalipia mihula miwili ya mwisho tu. Fedha italipwa chuoni, haitapita mkononi mwa mwanafunzi. Si zawadi: akipata kazi atarejesha taratibu, bila riba, ili amfae anayefuata. Na kuna sharti moja ambalo wazee wa kamati wamelikubali baada ya maneno mengi. Mwanafunzi akipokelewa, wazee wawili wa umoja huu watawapigia simu wazazi wake na kuwaeleza ukweli wote: amebakiza kiasi gani, anadaiwa kiasi gani, na kwa nini kwa mwaka mmoja asitume. Yakitokea ya hospitali au msiba katika mwaka huo, simu ije kwa umoja, nasi tutachangishana kama tunavyochangishana siku zote. Kijana asiipokee peke yake saa nane usiku.

Sharti hili ndilo lililozua maneno kuliko fedha zenyewe. Tumeambiwa tunaingia kati ya mzazi na mtoto. Kweli tunaingia. Lakini mnajua jinsi ndiva zinavyotumika milimani kwetu. Maji ya kijito hukusanywa usiku kucha, asubuhi ndiyo yafunguliwe kwa zamu, na mwenye zamu hutoka pia kuzoa tope. Anayefungua usiku wa manane kwa ajili ya shamba lake hasemi uongo akisema mahindi yake yanakauka. Ila maji hayatafika hata kwake. Wazee wetu hawakumwachia kila mtu afungue anavyotaka, waliweka zamu na msimamizi, na hakuna aliyesema wanaingilia shamba la mtu.

Tumrudie mzee wetu na hoja yake. Nyumbani ada ya sekondari ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ipo tangu 2005. Havitoshi, na ndiyo maana robo tatu ya fedha hizi zinakwenda kwenye bweni, watoto wetu wa kike wasiteremke na kupanda mlima gizani. Lakini mkitazama daftari la michango ya miaka yote, majina yanayolipa bila kukumbushwa ni ya waliomaliza chuo. Waliokwama si wabahili. Walishachanga kuliko sisi sote, mwezi kwa mwezi, kabla hata ya kuingia kwenye ukumbi huu. Mzee, kama bado hujaridhika, tukae baada ya chakula. Daftari tumekuja nalo.

Kura itapigwa mwezi ujao kwenye mkutano mkuu. Leo tunaomba ahadi kwa mafungu yote mawili, na fomu ziko mezani. Fungu la bweni ni karatasi ya kijani, la mfuko ni nyeupe, na ukijaza moja tu hakuna atakayekuuliza. Stakabadhi mtapewa mlangoni kabla hamjaondoka. Wanaolipa kwa hundi waandike jina la umoja, wasiandike jina la mweka hazina. Mwaka jana tulipata hundi mbili za namna hiyo, na mke wa mweka hazina alifurahi kwa muda mfupi sana.