Ukurasa mmoja kila mwezi

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya timu ya tereni mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka



Tumeombwa tuseme juu ya gazeti letu hili, namna gani linaweza kukua pole pole bila kuwamaliza wenye wanalitengeneza. Swali lilitoka kwa vijana wanaoandika. Kuna memba wanataka kurasa 8 pahali pa 4. Kuna wenye wanataka litoke kila juma. Kuna mfadhili mmoja aliuliza, kwa upole, kama hatuwezi kuongeza sehemu ya Kifaransa. Hakuna hata mmoja aliyesema jambo baya. Lakini mbele ya kuhesabu kurasa, tuangalie kwanza gazeti linafanya kazi gani, maana hapo ndipo tutajua tunapoteza nini siku likinyamaza.

Tuchukue jambo moja tu, kuandikisha watoto. Sheria ya jamaa ya inchi yetu, vile ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwa ofisi ya leta sivili, bila kulipa. Siku 90 zikipita, ni lazima kupitia tribinali, na hapo kunaingia safari, mashahidi, na makuta. Familia yenye haikuondoka inaweza kusema, tutaona kesho. Familia iliyorudi toka Tanzania haiwezi kusema vile. Mnajua wenyewe swali ambalo mtoto ataulizwa siku moja, kwenye masomo ama barabarani: wewe ni wa wapi? Karatasi ile njo jibu.

Sasa mhesabu. Siku 90 ni miezi 3. Gazeti likinyamaza miezi 3, kuna mtoto atazaliwa siku ya kwanza ya kunyamaza na muda wake utaisha bila wazazi wake kusikia neno. Huyo mtoto hatumjui jina, lakini yuko. Kwa hiyo tukisema gazeti lisikose mwezi, hatusemi juu ya heshima ya komite.

Jambo la pili ni wenzetu walio bado ng'ambo ya ziwa. Wengi katika nyumba hii walikuja na zile meli za HCR, toka Kigoma mpaka hapa Baraka, tangu mwezi wa kumi 2005. Wengine walikuja wakati kambi ya Lugufu ilifungwa, 2009. Mnakumbuka namna habari zilivyokuwa zinasafiri: kwa mdomo, kwa barua ndani ya kibeti cha mtu, na kila mdomo ulikuwa unaongeza chumvi yake. Leo ndugu zetu wa Nyarugusu wanapata picha ya gazeti letu kwa simu. Wanaisoma wakipima kama warudi ama wabakie: bei ya muhogo, mashamba yenye kesi, shule yenye iko na walimu. Mtu mwenye picha yake ya mwisho ni ya miezi 6 iliyopita ataamua kwa uvumi, kama wakati ule.

Sasa, nini kinaua magazeti ya namna hii? Kwenye kazi yetu tumepita vikundi vingi, tumeona mengi yakizaliwa na yakizikwa, na njia yao inafanana. Namba ya kwanza inatoka na kurasa 12, picha za rangi, sherehe, fanta, na kitambaa kikubwa mlangoni. Namba ya pili inachelewa. Namba ya tatu inaandikwa na mtu mmoja, usiku, na huyo mtu karibu kila mara ni yule mwenye kujua odinateri. Wengine wanamwambia, wewe ni mtu wa kalamu, utatusaidia. Namba ya nne haitoki. Lakini kuna kitu kibaya kushinda gazeti kukufa: yule kijana anaanza kukosa mikutano. Anapita njia ingine juu asiulizwe. Kikundi kilikuwa na gazeti na memba mmoja mwenye nguvu. Sasa hakina gazeti na memba amepotea.

Wazungu waliipa hali hiyo jina. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu wa kujitolea katika kliniki ya bure, pahali yeye mwenyewe alikuwa anaenda usiku kisha kazi yake ya mchana. Aliona wenye moyo mkubwa njo walikuwa wanazimika mbele ya wengine. Tunamtaja pia juu ya jambo lingine litakalowagusa: alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, akawakimbia Wanazi angali mtoto. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo katika orodha yake, si kama ugonjwa, ila kama jambo linalotoka kwa kazi: nguvu kuisha, roho kujitenga na kazi mpaka kuidharau, na kazi yenyewe kushuka. Ile ya pili muiangalie sana. Mtu akianza kusema "mambo ya chama ni bure tu," na mwaka jana alikuwa wa kwanza kufika, msimwite mvivu. Amechoka.

Dawa ya hali hiyo mama zetu wanayo tayari ndani ya sanduku. Tunasema juu ya AVEC. Njia hiyo ilianza Niger, mwaka 1991, na shirika la CARE, kisha ikatembea Afrika yote mpaka ikafika hapa kwetu. Kila mtu anajua kiasi cha chini: kila mkutano ununue hisa moja. Lakini wageni mara nyingi hawaoni kwamba kuna pia kiasi cha juu. Hisa 5, basi. Hata kama umeuza ng'ombe jana, hauwezi kununua 6. Juu ya nini? Juu mwenye nguvu leo asikivute kikundi kwenye mwendo wenye wengine hawataweza, na siku yake mbaya ikifika, kikundi kisianguke naye.

Gazeti lipate sheria ile ile. Tunapendekeza kiasi cha chini kiwe ukurasa mmoja kila mwezi, na kiasi cha juu kiwe kurasa 4, ndiyo kusema karatasi moja kubwa ya A3 iliyokunjwa katikati. Mwezi wa matatizo, ukurasa mmoja, upande mmoja: leta sivili, bei za soko, tarehe ya mkutano. Hiyo ni namba kamili, ina hesabu yake, hakuna mtu ataomba radhi juu yake. Na mwezi wenye habari ni nyingi, kijana akija na kurasa 7 zenye moto, tunamshukuru na tunaweka 3 kwa akiba. Kuna wenye watasema tunakata mabawa ya vijana. Sisi tunaona ni kinyume, maana zile kurasa 3 zitamwokoa mwezi atakaolala na malaria.

Akiba hiyo iwe ya maandiko yasiyooza: namna ya kuandikisha mtoto, namna ya kukausha maharagi ya mbegu, namna ya kusafisha maji wakati wa kolera, vitu gani vya kuleta mbele ya mzee wa mtaa kama kuna kesi ya shamba. Yakae 3 ama 4 kwenye bahasha, tayari.

Na tuheshimu kalenda ya hapa. Mwezi wa tisa na wa kumi ni kupanda kwa saizoni A, kila mtu yuko shambani. Saizoni B inakuja tena mwezi wa pili na wa tatu. Wavuvi nao wako na yao: ndagala inafuata taa usiku wa giza, na mwezi ukiwaka sana juu ya ziwa, wanabakia pwani wanashona nyavu. Hakuna mtu anayewaita wavivu. Basi kwa nini kukusanya habari kwa mvuvi usiku wa giza? Mumufuate wakati wa mwangaza wa mwezi, atasema mpaka mtachoka ninyi. Miezi ya kupanda iwe ya ukurasa mmoja, tangu sasa, kwa maandishi, tusingoje mtu aanguke ndipo tupunguze.

Kuna pia kitu kidogo kinachokula usiku wa waandishi bila wao kujua: sauti za kurekodi. Saa moja ya maneno ndani ya simu inaweza kukula saa 4 na zaidi za kuandika. Kijana anamrekodi mzee saa moja na nusu, kwa heshima, hawezi kumkata maneno, kisha anaamka saa tisa ya usiku na ekuta masikioni. Fanyeni hivi: ongeeni na mzee muda wote anaotaka, simu ikiwa mfukoni. Mwishoni mumwambie, "Baba, sasa tutarekodi dakika kumi, utuambie lile kubwa." Wazee wanajua kuchagua lile kubwa. Sisi njo hatujui.

Sasa funguo. Sanduku la AVEC liko na kufuli 3 na watu 3 wanashika funguo. Kwa gazeti, funguo ni hizi: anayekusanya, anayeandika, anayepeleka kwa fotokopi na kugawa. Mtu mmoja asishike 2. Na kila ufunguo uwe na mtu wa pili pembeni anayejifunza, juu siku binti yetu anayeandika ataolewa Uvira, msianze kulia. Masaa ya kila mmoja yasipite 2 kwa juma. Yakipita, shida haiko kwa mtu, ni gazeti limekuwa kubwa kushinda watu wake, lipunguzwe.

Mtauliza, basi litakua lini? Likue kwa wasomaji kwanza, kurasa zifuate. Nakala moja ikisomwa kwa sauti kanisani kisha misa, mskitini, kwa santé wakati mama wanangojea kupima watoto, ama kwa magasa siku ya posho, ni watu wengi kwa karatasi moja, na hakuna aliyeongezewa kazi ya kuandika. Pahali pamoja papya kwa kila miezi 3, kama pa zamani panashika. Huko mchukue maswali. Swali la mama mmoja wa Mboko juu ya karatasi za masomo ya kambini ni habari tayari, mnatafuta tu jibu kwa mwenye kujua. Gazeti lenye wasomaji wanauliza halimalizi mwandishi haraka, maana hakai peke yake mbele ya karatasi nyeupe akitafuta la kusema. Juu ya kurasa, tunaweka sharti moja: namba 6 mfululizo zitoke kwa tarehe yake, bila mtu kupita masaa yake. Hapo turudi kwenye mkutano huu tuongee juu ya ukurasa wa 5. Kifaransa kingoje. Wenye wanakihitaji wako na njia zingine. Mama wa Lulimba hana.

Kwenu wafadhili tunasema waziwazi, kwa heshima. Ni rahisi kupata makuta ya kufungua kitu: sherehe, tishati, picha. Ni nguvu kupata ya mwezi wa saba, wakati hakuna kinachofunguliwa. Karatasi, wino, inite za simu, pikipiki ya kupeleka nakala, na chakula cha mchana cha mtu aliyepoteza siku yake ya soko: hivyo njo gazeti. Mkituahidi hivyo kwa miezi 12, hata kwa kiasi kidogo, mtatusaidia kushinda kutoa kikubwa mara moja. Na katika fomu zenu za ripoti, pale mnapouliza kurasa ngapi, mwandishi akijua kurasa zinahesabiwa, ataandika kurasa. Muulize kama limetoka, tarehe gani, na limesomwa wapi.

Hatukubali pia lile neno kwamba wa kujitolea halipwi basi hana haki ya kurudishiwa. Kujitolea ni kutoa masaa. Nauli si masaa.

Tumeongea vya kutosha, na chakula kinanukia. Daftari liko kwa mama kesie, karibu na mlango. Ndani tumechora miezi 12, na kila mwezi uko na nafasi 3 za funguo na 3 za wanaojifunza. Mwenye hajui kuandika anaweza kushika ufunguo wa kugawa. Tunahitaji miguu pia. Kufikia asubuhi hii, miezi ya mwanzo imejaa, vile kawaida. Mwezi wa kumi hauna hata mtu mmoja, na ni ule wa ukurasa mmoja.