Mgema na Kifundo cha Mguu

Mgema wa Kilifi hukwea mnazi pekupeku, kwa vidato vilivyochongwa shinani. Mvua ikinyesha, vidato huteleza.

Akianguka, kifundo huvimba kama dafu, na jirani mwema (hakosekani) huja na mafuta ya nazi amkande. Asithubutu! Huenda mfupa umevunjika, na ukikandwa waweza kuzidi kusogea. Wenzake waufunge mguu kwa ubao na leso bila kukaza, wauinue, wamfikishe hospitali ya Malindi au Kilifi apigwe eksirei.

Ikionekana umevunjika, mguu hufungwa plasta, nayo hukaa wiki 6 hivi. Mfupa uliohama huenda ukahitaji upasuaji na vyuma. Vidole vikipoa au kufa ganzi, arudi siku hiyo hiyo.

Plasta ikitolewa, mguu huwa umekonda na kukakamaa. Mazoezi ni lazima, na uvimbe wa jioni waweza kudumu miezi. Mnazi usubiri ruhusa ya daktari.