Mbizi katika maji baridi: machimbo ya mawe yaliyogeuka kuwa shule

Kiswahili huyaita maji ya mito na maziwa "maji baridi", kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, hata kama yameshinda yakichomwa na jua la Mwanza. Nchini Uingereza jina hilo hutimia kwa maana zote mbili: maji hayana chumvi, na baridi yake ni ya kweli. Ni katika maji ya namna hiyo ndipo Waingereza wengi hujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, mbali na pwani, mahali ambapo hapo zamani palikuwa pakivunjwa mawe.

Kwa mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Maskati, mbizi ni jambo la baharini, na wazo la kuingia ndani ya shimo la maji katikati ya mashamba huweza kumchekesha. Hata hivyo, historia ya chombo chenyewe haiko mbali na maji baridi. Mwaka 1943, Wafaransa wawili, ofisa wa jeshi la wanamaji Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walipokuwa wakitengeneza kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi, walikijaribu kwanza katika mto Marne, karibu na Paris.

Miongoni mwa vituo vya mbizi vya bara nchini Uingereza, kinachojulikana zaidi ni Stoney Cove, katika jimbo la Leicestershire. Hakiko mbali na mji wa Leicester, ambao mwaka 1972 ulipokea familia nyingi za Waasia waliofukuzwa Uganda. Hapo palikuwa na machimbo ya mawe magumu ya matale. Kazi ya kuchimba ilipokoma mwaka 1958, pampu zilizimwa, na maji ya chemchemi yakajaza shimo polepole hadi likawa ziwa. Baadaye, mafuta yalipogunduliwa katika Bahari ya Kaskazini, baadhi ya wapiga mbizi wa kazi hiyo nzito walifunzwa katika maji hayo.

Wachimbaji wa mawe hawakuchimba kisima kilichonyooka. Walishuka kwa ngazi kubwa kubwa, na ngazi hizo ndizo fadhila ya mahali hapo leo. Ya kwanza iko kwenye kina cha kiasi cha mita 7, na hapo mwanafunzi hupiga magoti akijifunza kutoa maji ndani ya miwani yake. Ya pili iko kwenye mita zipatazo 20. Kwenye kina cha namna hiyo imelazwa Stanegarth, meli ndogo ya kuvuta meli nyingine, iliyoundwa mwaka 1910 na kuzamishwa kwa makusudi mwaka 2000 ili wapiga mbizi wapate kuizuru. Ya mwisho hufikia kiasi cha mita 35, na huko giza na baridi havimpokei mgeni asiyejiandaa.

Vipimo hivyo hulingana na vyeti vya mchezo huu. Cheti cha kwanza cha shirika la kimataifa la PADI humruhusu mtu kushuka hadi mita 18. Kile cha klabu ya Uingereza ya BSAC, iliyoanzishwa mwaka 1953, humruhusu kufika mita 20. Baada ya mafunzo zaidi huja mita 30 na 35, na kwa kawaida mpiga mbizi wa starehe havuki mita 40.

Mkaaji wa kaskazini naye anayo Capernwray, karibu na Carnforth katika jimbo la Lancashire, machimbo ya mawe ya chokaa ambayo kina chake hakizidi sana mita 20. Humo mna samaki wakubwa, na mna ndege iliyozamishwa ambayo mpiga mbizi huitazama kama atazamavyo nyumba iliyohamwa. Kwa mkaaji wa Bristol na kusini magharibi, ipo Vobster Quay, katika jimbo la Somerset, ambako kina hupita mita 30 na mabaki ya kiwanda cha kusagia mawe yangali yamesimama chini ya maji.

Lakini ukaribu na nyumbani haumaanishi wepesi. Maji huwa mazito kupita yote yanapofika nyuzijoto 4 za Selsiasi, nayo hutulia chini kabisa. Ndiyo maana katika siku ya kiangazi mtu huweza kuogelea kwa raha juu, kisha akashuka mita chache na kuvuka mpaka usioonekana, ambapo baridi humkamata usoni kama kofi. Baridi hiyo haimsumbui mtu peke yake. Hewa inayotoka kwa nguvu kwenye mtungi hupoa inapotanuka, na kifaa cha kupumulia kisichotengenezwa kwa maji ya baridi huweza kuganda na kumwaga hewa yote bila kukoma.

Kuna pia hesabu ya hewa yenyewe. Kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu. Mtungi ambao ungemtosha mtu kwa dakika 60 juu ya maji, huko chini humtosha kwa dakika 15 tu, na akiingiwa na hofu akapumua kwa haraka, hata hizo hazifiki. Aidha, maji baridi ni mepesi kuliko ya bahari kwa kiasi cha asilimia 2.5. Anayetoka Zanzibar na mkanda wake wa risasi bila kuupunguza atazama upesi kuliko alivyokusudia.

Kwa sababu hizo, wapiga mbizi huenda wawili wawili, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake, na wote hufuata kiwango cha yule aliye chini kwa ujuzi. Kwa sababu hizo pia, machimbo yenye wasimamizi hayafanani na yale yaliyotelekezwa. Kila jua la kiangazi linapochoma, vijana nchini Uingereza hujitosa katika machimbo yasiyo na mlinzi, na kila mara wapo wasiorudi. Wengi wao walijua kuogelea. Kilichowaua ni mshtuko wa baridi, ambao humfanya mtu avute pumzi ghafla bila hiari, na kama kinywa kimo majini, huvuta maji. Mzazi aliyehamia Ulaya kutoka nchi ya joto ana haja ya kulifahamu hili kabla mwanawe hajalifahamu kwa vitendo.

Yupo pia msikilizaji ambaye hupiga mbizi Jumamosi na Jumapili yuko ndani ya ndege kuelekea Dar es Salaam au Nairobi. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya mgandamizo huhitaji muda wa kutoka. Ushauri wa kitabibu ni kusubiri muda wa saa 12 angalau baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 iwapo mbizi zilikuwa nyingi. Na akifika nyumbani akavutiwa na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, akumbuke kwamba ziwa hilo liko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya mbizi yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayatumiki huko bila marekebisho.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Machimbo haya humruhusu mtu ayafikie hatua kwa hatua, karibu na kwake, akiwa na mwalimu kando yake: leo mita 7, mwakani mita 20, na mita 35 zikimngoja hadi atakapokuwa tayari. Anayeruka ngazi hawezi kusema hakuonywa, kwani ngazi zilichongwa kwenye mwamba zamani sana, kabla yeye hajazaliwa.